Sauti ya Maalim ni ya nani? Tunachokiridhia tunapobonyeza "Nakubali"

Miezi michache baada ya kufariki Maalim wetu, aliyesomesha tafsiri msikitini kwetu hapa Tanga kila alasiri ya Ramadhani kwa miaka mingi, binti yake mkubwa alikuja ofisi ya kamati baada ya swala ya Ijumaa. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akatoa salamu, kisha akauliza: "Ustadhi, zile darsa za baba mlizokuwa mkizirekodi, naweza kuzipata? Wanangu wadogo hawakumdiriki babu yao. Nataka waisikie sauti yake."

Tulimjibu kwa furaha. Tulimwambia zote zipo mtandaoni, dada yetu, na leo hii hii tutakutumia. Alipoondoka tukafungua simu kuutafuta ukurasa wa msikiti. Haukuwapo.

Tuyaeleze yaliyotokea bila kujitetea. Akaunti ile ilifunguliwa na kijana wetu mmoja mwenye bidii, kwa namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu siku ile hapakuwa na mwingine aliyejua kufungua. Baadaye kijana akasafiri kwenda Maskati kutafuta riziki. Laini yake ya huku ikafa kwa kutotumiwa. Barua pepe akaisahau. Na kabla ya hapo, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameweka kipande cha kaswida mwanzoni mwa kila darsa ili ipendeze, kaswida iliyorekodiwa na kikundi ambacho hakikuombwa ruhusa. Wenye kaswida wakalalamika kwa mtandao ule wa video. Maonyo yakaja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, yote yakiingia katika barua pepe isiyosomwa na mtu. Akaunti ikafungwa, na darsa zote zikaondoka nayo. Hatuwezi kusema tumedhulumiwa. Wenye kaswida walidai haki yao, na mtandao ulifanya kile ulichokuwa umeandika kwamba utafanya.

Juma la pili binti wa Maalim alirudi na simu mkononi. Alikuwa ameipata sauti ya baba yake mahali pengine: dakika moja iliyokatwa katikati ya maneno, imewekewa picha ya jua linalozama, katika ukurasa wa mtu tusiyemjua, na mwisho wake tangazo la mafuta ya tiba. "Huyu nani alimpa ruhusa?" aliuliza. Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotukalisha chini, katibu na wajumbe wawili, siku kadhaa baada ya Isha, kusoma kile ambacho kila mmoja wetu amekwisha kukiridhia mara nyingi bila kukisoma: masharti ya matumizi ya mitandao ya kijamii. Tunayaandika haya ili familia nyingine zisisubiri msiba ndipo zisome.

Tuanze na hofu isiyo na msingi, maana hiyo ndiyo iliyoenea zaidi. Ndugu msomaji bila shaka umewahi kupokea ujumbe unaosema kwamba kuanzia kesho Facebook itakuwa mmiliki wa picha zako zote, na kwamba ukinakili tangazo fulani na kulibandika katika ukurasa wako utakuwa umejikinga. Tangazo hilo limekuwa likizunguka duniani tangu mwaka 2012 kwa sura mbalimbali. Halina nguvu yoyote. Mkataba uliokwisha kuuridhia haubatiliki kwa kuandika ukutani kwamba huutaki, kama vile mpangaji hawezi kujifutia kodi kwa kubandika karatasi mlangoni. Na jambo lenyewe linalotisha si kweli. Facebook, Instagram, YouTube, TikTok na X zote zinasema katika masharti yao kwamba maudhui unayoyaweka yanabaki kuwa yako.

Lakini sentensi inayofuata ndiyo yenye uzito, na hapo wengi wetu tunakuwa tumekwisha kubonyeza.

Sentensi hiyo ni ya leseni. Facebook inasema kwamba kwa kuweka maudhui yako unaipa leseni isiyo ya kipekee, inayohamishika, inayoweza kukasimiwa kwa wengine, isiyo na mrabaha, ya dunia nzima; leseni ya kuhifadhi, kutumia, kusambaza, kurekebisha, kunakili, kuonyesha hadharani, kutafsiri na kutengeneza kazi nyingine zitokanazo na kazi yako. Maneno haya yameshikana kama shanga, na msomaji wa kawaida huyaruka. Tuyafungue kwa mfano wa nyumba.

Hati ya nyumba inabaki kabatini kwako. Hakuna anayekunyang'anya. Ila umemkaribisha ndani mtu ambaye halipi kodi, na hiyo ndiyo maana ya kutokuwa na mrabaha. Anaweza kuwakaribisha wengine bila kukuuliza, na hiyo ndiyo maana ya kukasimiwa. Akiuza biashara yake, aliyeinunua anaingia na haki zile zile, na hiyo ndiyo maana ya kuhamishika. Anaweza kubomoa kizigo na kupaka rangi aitakayo. Jambo jema ni hilo neno "isiyo ya kipekee": nawe bado unaweza kukaa humo, kupangisha wengine, hata kuiuza. Wanafunzi wa fiqhi wataona haraka kwamba hapa kuna tofauti waliyoisoma zamani, kati ya kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manufaa yake. Umebaki na kitu. Manufaa umeyagawa kwa ukarimu ambao pengine hukuukusudia.

Kwa nini kampuni zinataka leseni pana hivyo? Si kila sababu ni ya ujanja. Picha unayoiweka hapa lazima inakiliwe katika mitambo ya nchi kadhaa ili ifunguke upesi, ipunguzwe ukubwa ili ienee katika kioo cha simu, ionyeshwe kwa rafiki aliye Muscat na shangazi aliye London. Kila kimojawapo cha vitendo hivyo, kisheria, ni kunakili, kurekebisha au kuonyesha kazi ya mtu, na bila ruhusa kingekuwa kosa. Hilo tunalikubali. Tusilolikubali kwa wepesi ni kwamba ruhusa iliyoombwa kwa ajili ya kuonyesha picha imeandikwa kwa upana unaotosha mambo mengine mengi, na mwenye kuandika ni yeye, na mwenye kubadilisha ni yeye.

Tena leseni hizi si sawa. Ile ya Facebook na Instagram inakwisha maudhui yanapofutwa katika mitambo yao, ingawa kufutwa kwenyewe kunaweza kuchukua hadi siku 90, na kile ambacho wengine wamekwisha kukichukua na kukieneza kinaweza kubaki. YouTube inataka leseni kwa ajili yake, na leseni nyingine kwa ajili ya watumiaji wenzako ili waweze kuitumia kazi yako kupitia huduma zake. Pia inajipa haki ya kuweka matangazo katika video yako, hata kama wewe hukuomba na hupati senti. Kamati nyingi za misikiti hazilijui jambo hili. Darsa ya kufunga ikatanguliwa na tangazo la kamari, waumini hulaumu kamati. Kamati huapa haikuweka tangazo, nayo inasema kweli. TikTok imewahi kuwaandikia watumiaji wa nchi za nje ya Marekani na Ulaya leseni isiyobatilika na ya kudumu daima. Maneno hayo mawili yanastahili kusomwa mara mbili na mzazi ambaye bintiye anacheza na kamera ya simu chumbani.

WhatsApp, kwa upande mwingine, inasema leseni yake ni kwa ajili ya kuendesha huduma tu, na tangu mwaka 2016 ujumbe wake umefungwa kwa namna ambayo ni mtumaji na mpokeaji pekee wanaoweza kuusoma. Walakini usalama wa bomba hauhusiani na adabu ya anayepokea maji. Sauti ya Maalim iliyokatwa kwa ajili ya mafuta ya tiba, tulivyokuja kufuatilia, ilianzia katika kundi la WhatsApp la waumini wetu wenyewe.

Mtandao wa X nao, katika masharti yaliyoanza tarehe 15 Novemba 2024, umeandika waziwazi kwamba leseni unayoupa inahusu pia kufundishia mitambo ya akili bandia. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, nayo inatumia machapisho ya wazi ya watu wazima kwa kazi hiyo. Watu wa Ulaya walipewa fomu ya kukataa, kwa sababu sheria zao zimewalazimisha wenye kampuni kuitoa. Hapa kwetu njia iliyo mikononi mwetu ni kuchagua tunachokiweka wazi.

Kuhusu kubadilika kwa masharti tutapita haraka. Februari 2009 Facebook iliondoa maneno yaliyosema leseni inakwisha ukifuta maudhui yako. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache maneno ya zamani yakarudishwa. Desemba 2012 Instagram ilitoa masharti ambayo watu waliyaelewa kuwa yanaruhusu picha zao kutumika katika matangazo bila malipo. Kelele zikapigwa tena, maneno yakaondolewa tena. Januari 2021 ilikuwa zamu ya WhatsApp, na tarehe ya kuridhia ikasogezwa kutoka Februari hadi Mei. Kwa hiyo tusiwadharau wanaolalamika. Ila kila mara waliolalamika ni wale waliosoma.

Turudi kwa swali la binti wa Maalim. Sauti ile ni ya nani?

Sheria haiko kimya. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unataja kwa majina mihadhara, hotuba na mawaidha ya dini kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. (Ajabu ni kwamba lile tangazo bandia la Facebook lilikuwa likiutaja mkataba huo huo, tena kwa jina lililokosewa herufi.) Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003, na Kenya wana yao ya mwaka 2001. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Haihitaji muhuri wa ofisi ili iwepo. Na haifi na mwenyewe. Huko Bara inadumu miaka 50 baada ya kufariki kwake, na katika muda huo ni mali inayorithiwa kama shamba na nyumba.

Kwa upande wa sharia ya dini yetu, wako waliokuwa wakisema elimu haina mwenyewe, na kwamba kumzuia mtu kuinakili ni kuificha. Hoja hiyo ina heshima yake, na Maalim mwenyewe huenda angeipenda. Hata hivyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha azimio kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Maalim kuitoa elimu yake bure kwa aliyekuja msikitini hakumpi muuza mafuta ruhusa ya kuikata na kuifanya chambo.

Basi tazama tulivyofanya. Darsa ni ya Maalim. Baada yake ni ya warithi wake: mjane, mabinti watatu na mtoto wa kiume. Kijana wetu alikuwa na haki yake ndogo katika kurekodi. Msikiti haukuwa na karatasi yoyote. Na masharti ya mtandao, katika ibara ambayo watu huikosa kuliko zote, yanamtaka anayeweka maudhui athibitishe kwamba anazo haki zote za kuyatolea leseni. Kijana alibonyeza kwamba anazo. Hakuwa nazo, si za darsa wala za kaswida.

Vitabu vya fiqhi vina jina la mtu anayeuza au kukodisha mali ya mwenzake bila kutumwa: fudhuli. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii ndiyo tunayoifuata, kauli mashuhuri ni kwamba muamala wake ni batili. Hanafi na Maliki wanauacha ukining'inia mpaka mwenye mali auridhie au aukatae. Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa mlango huo kwa mifano ya ngamia na ngano. Hatukudhani kwamba ungekuja kutukuta katika kamati ya msikiti, na fudhuli tukawa sisi.

Sasa yule mwenye ukurasa wa mafuta ya tiba. Angeweza kusema: nimeikuta mtandaoni, na kilicho mtandaoni ni cha wote. Kauli hii tunaisikia hata kwa watu wenye elimu. Imekwisha kupimwa mahakamani, na kesi yenyewe inafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Port-au-Prince nchini Haiti. Mpiga picha wa huko, Daniel Morel, alikuwapo mjini. Alitoka barabarani na kamera yake wakati vumbi bado liko hewani, akapiga picha za watu wakitolewa katika vifusi, na jioni ile ile akaziweka mtandaoni kupitia Twitter, kwa kutumia huduma iliyoitwa TwitPic. Muda mfupi baadaye mtu mwingine, aliye katika nchi jirani ya Dominika, akazinakili na kuziweka kama zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, likazisambaza duniani na kuzipitisha kwa kampuni ya Getty Images ya Marekani. Picha za Morel zikatokea katika magazeti mengi, baadhi zikiwa na jina la mtu ambaye hakuzipiga.

Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani mjini New York, ikiomba itamkwe kwamba haina kosa. Hoja yake ilikuwa hiyo hiyo ya muuza mafuta, ila imevaa suti: masharti ya Twitter yanahimiza watu kueneza maudhui, kwa hiyo aliyeweka picha hapo amempa kila mtu leseni. Januari 2013 Jaji Alison Nathan aliikataa. Alisema masharti yale yanaupa mtandao na washirika wake leseni kwa mujibu wa maneno yake. Hayampi mpita njia haki ya kuzichukua picha na kuziuza. Novemba mwaka ule ule baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba ukiukaji ulikuwa wa makusudi, na Morel akapewa fidia ya dola milioni 1.2 kwa picha nane.

Kesi hiyo ni ya Marekani na haizifungi mahakama zetu. Tumeisimulia kwa sababu inabainisha jambo ambalo masharti yenyewe hayalisemi kwa sauti: leseni uliyoutolea mtandao ni baina yako na mtandao. Kubonyeza kitufe cha kueneza ndani ya mtandao ni jambo moja, kwa kuwa kitufe hicho umekiridhia. Kuipakua video, kuikata, kuiwekea tangazo lako na kuiweka upya kama yako ni jambo jingine. Tulimwandikia mwenye ukurasa ule, kwa adabu, tukimtaja binti wa marehemu. Hakujibu. Tukatumia fomu ya malalamiko ya hakimiliki iliyomo ndani ya mtandao, warithi wakiwa ndio walalamikaji maana haki ni yao, na kipande kikaondolewa. Fomu hiyo haihitaji wakili. Inahitaji ukweli, kwani ukidai kisicho chako unabeba dhamana.

Nani angependa kushtaki mtandao wenyewe, basi asome pia ibara ya mwisho. Kwa sisi tusio Ulaya, Facebook inapeleka migogoro katika mahakama za California, na X katika mahakama za Texas. Kutoka hapa hata nauli ya kwenda Dar es Salaam tunaichangishana.

Tumekuwa tukizungumzia msikiti, lakini ukurasa huu ni wa familia, na palipo na hatari kubwa zaidi si mimbarini. Ni harusini.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitueleza kisa ambacho tumeruhusiwa kukisema bila majina. Bintiye aliolewa; ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu, milango imefungwa, na mpiga picha alikuwa mwanamke aliyekodiwa kwa sababu hiyo hasa. Mwezi mmoja baadaye picha za bibi harusi, nywele zake na hina yake hadi viwikoni, zilikuwa katika ukurasa wa biashara wa mpiga picha, wazi kwa kila mwenye macho. Mpiga picha alishangaa kulaumiwa. Alisema picha ni kazi yake. Na hapa lazima tuwe wakweli kwa wasomaji wetu: kwa kawaida hakimiliki ya picha huanzia kwa aliyeipiga, si kwa aliyepigwa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Aliyepigwa anazo haki nyingine, za faragha na za taarifa zake binafsi. Tanzania tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo kupokea malalamiko. Kenya wanayo tangu 2019. Ila mlango wa haki hizo hufunguliwa baada ya macho kwisha kuona.

Dawa ni karatasi moja kabla ya harusi. Iseme kwamba picha hazitawekwa mtandaoni wala kuonyeshwa kwa wateja wengine. Kwamba mafaili yote yatakabidhiwa kwa familia na nakala kufutwa baada ya muda uliokubaliwa. Wapiga picha waaminifu hutia saini bila kinyongo, na baadhi hupunguza au huongeza bei, tuwalipe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Sisi tunaandikiana sahani na viti vya kukodi, tukaiacha sura ya binti yetu kwa maelewano ya mdomo.

Na mama mwenyewe asisahau simu za mashangazi. Facebook inasema katika masharti yake kwamba unairuhusu kutumia jina lako, picha yako ya wasifu na habari za ulichokipenda, karibu na matangazo. Shangazi aliyebonyeza alama ya kupenda duka la vipodozi anaweza kuonekana kwa marafiki zake kama mpiga debe wa duka lile, na picha yake ya wasifu, pengine ndiyo ile ya harusini, ikiwa kando ya tangazo.

Watoto tutawagusia kwa ufupi, si kwa udogo wa jambo. Mitandao hii mingi inakataa aliye chini ya miaka 13, na mtoto anayedanganya umri anaingia mkataba kwa uongo ambao mara nyingi mzazi ndiye aliyemwandikia. Kamati yetu imeacha kuweka nyuso za wanafunzi wa madrasa mtandaoni. Maulidi ya mwaka huu walirekodiwa kwa nyuma, wakiielekea mimbari, na baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wao hawakuonekana. Tuliwasikiliza. Hatujabadilisha uamuzi.

Linabaki jambo la mirathi ya akaunti zenyewe. Masharti ya Facebook hayakuruhusu kumhamishia mtu mwingine akaunti yako bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo baba anapofariki, nywila aliyomwachia mwanawe si urithi halali mbele ya mkataba ule. Njia ipo, lakini inataka kuandaliwa mtu akiwa hai. Tangu mwaka 2015 Facebook inakuwezesha kumtaja mtu wa kuusimamia ukurasa wako wa kumbukumbu baada ya kifo, au kuchagua ufutwe kabisa. Google tangu 2013 ina mpango unaomkabidhi mtu uliyemchagua baadhi ya mafaili yako akaunti ikikaa bila kutumiwa kwa muda uliouweka. Mzee mmoja wa kamati alicheka tulipomwonyesha, akasema wasia wake anauandika kwa kalamu. Siku ya tatu alikuja na simu akitaka asaidiwe.

Kwetu msikitini mambo yamebadilika kwa taabu. Akaunti mpya imefunguliwa kwa namba ya msikiti, ina wasimamizi watatu, na laini hiyo huwekewa salio kila mwezi kama tunavyolipia umeme. Kila mwalimu anayerekodiwa hutia saini karatasi fupi: anaruhusu nini, wapi, na warithi wake waulizwe nini. Masheikh wawili walikataa kurekodiwa, nasi tumezima kamera. Hakuna kaswida ya mtu mwanzoni. Na kila darsa huhifadhiwa kwanza katika diski mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mweka hazina, kabla ya kupandishwa popote. Mtandao una ruhusa ya kuihifadhi kazi yako. Hauna wajibu wa kukutunzia. Hilo hatukulijua, na ndilo lililotugharimu darsa za miaka.

Si zote, alhamdulillahi. Fundi cherehani mmoja jirani na msikiti alisikia habari hii, akaja na memori kadi aliyoitoa katika redio yake ndogo. Alikuwa akiwaomba vijana wamjazie darsa ili azisikilize anaposhona. Tulikuta kumi na nne. Kadhaa zina mlio wa cherehani kwa nyuma, maana alikuwa amezirekodi upya mwenyewe kutoka simu moja hadi nyingine.

Tuliwaita warithi wote watano, tukawasikilizisha zote kwa siku mbili, kisha tukawaomba idhini ya maandishi. Kumi na tatu wameziridhia ziwekwe mtandaoni kwa jina la Maalim, bila matangazo tunayoweza kuyazuia, na bila kukatwa. Ya kumi na nne ni ile ya Ramadhani yake ya mwisho, ambapo sauti inakatika na anaomba maji mara tatu. Mjane alisema hiyo ibaki nyumbani. Tumempa nakala yake katika flashi, na zilizokuwa katika diski zetu tumezifuta mbele yake.